Nusu Msingi

Ufa ulianza kwenye kona ya sebule, ukapita nyuma ya kabati la vyombo, ukatokea juu ya swichi ya taa na kukata pembe ya dirisha. Siku Mama Pasi alipoweza kuingiza kidole ndani yake mpaka kwenye pete, mume wake alisema ni rangi.

"Rangi imekauka hiyo," alisema kutoka kitini, miguu juu ya stuli. "Rangi za siku hizi ni maji matupu."

Mama Pasi akachomoa kidole, akakifuta vumbi kwenye upindo wa gauni, akamtazama huyo mtu aliyezaa naye watoto watatu. Rangi! Dirisha halikuwa likifungika tangu mwaka uliopita. Mlango wa jikoni ulitaka goti na bega ndipo ukubali kuingia kwenye fremu yake. Vigae vya korido vilikuwa vimeanza kubenjuka kimoja kimoja. Na mzee kakaa pale, kashiba, anailaumu rangi.

Jina la Mama Pasi alilipata hospitalini, alikokuwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Alikula chumvi nyingi mle ndani, katikati ya mvuke na mashuka yenye madoa ambayo mtu mwenye akili hayaulizii yametoka wapi. Mwaka huo alikuwa amestaafu na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeingia benki, milioni kumi na moja na vijisenti. Hakikuwa na mwenzake wa kukifuata. Wastaafu wenzake walikuwa wakinunua kuku wa mayai, mashine za kusaga, viwanja vya porini walivyouziwa na matapeli. Yeye alitaka kitu kimoja: kuzeekea ndani ya nyumba ambayo haitamwangukia usingizini. Hakuona kama ni tamaa kubwa.

Kikwazo kilikuwa kimekaa pale kitini. Mtaa mzima ulimwita Mzee Nusu, na yeye alilipokea jina hilo kama medali. Ukimtajia bei ya kitu chochote chini ya jua, kuanzia fungu la nyanya hadi jeneza, alifumba jicho moja na kusema, "Nusu." Mkono wa birika alikuwa nao, ndiyo, lakini ubahili wenyewe haukuwa ugonjwa wake. Ugonjwa wake ulikuwa ushindi. Alikuwa tayari kununua viatu visivyomwenea, mradi muuzaji ameondoka akisonya. Siku ya harusi yao alimkaba mpiga picha mpaka mtu wa watu akakubali nusu ya malipo, naye akawasafishia nusu ya picha. Ndiyo maana Mama Pasi hana hata picha moja ya marehemu baba yake siku ile, ila ana picha sita za keki.

"Nataka watu waje waangalie huu ukuta," alisema Mama Pasi.

"Waje," alisema Mzee Nusu, akikaa sawa. Macho yalikuwa yameshaanza kumng'aa. "Nitaongea nao."

Wa kwanza kuja alikuwa Fundi Asali, ambaye mdomo wake ulikuwa umejenga nyumba nyingi kuliko mikono yake. Aliugonga ukuta kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akacheka.

"Mama yangu, usinichekeshe. Nyumba mbichi kabisa hii! Hii mikunjo ya uso tu, hata sisi tunayo. Nakuzibia ufa kwa saruji, napiga rangi, ukirudi hutajua ulipokuwa. Laki mbili."

"Laki," alisema Mzee Nusu.

"Kwa heshima yako, baba, laki."

Wakapeana mikono huku wakichekeana kama wakwe. Fundi Asali akaziba, akapaka, akala chakula cha mchana, akaaga. Mwezi haukuisha, ufa ukarudi pale pale, na safari hii ulikuwa na magamba ya rangi mpya pembeni. Mzee Nusu alipoonyeshwa alisema kwamba kwa laki moja, kazi ile ilikuwa nzuri. Mama Pasi alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi, maana angebaki sebuleni angesema neno lisilofutika.

Wa pili alikuwa kijana wa kampuni, mwenye tai na viatu vilivyochongoka kiasi cha kuua mende kwenye pembe. Alipiga picha kwa simu, ndani na nje, bila kuinama hata mara moja. Kisha akakaa na kuwafungulia kabrasha lenye picha za rangi. Kulikuwa na Kifurushi cha Fedha, Kifurushi cha Dhahabu na Kifurushi cha Almasi. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kusindika udongo, mipira ya kudungia ukuta, cheti cha dhamana cha kutundikwa sebuleni. Nyumba yao, alisema kwa huzuni kubwa, ilikuwa inastahili Almasi. Milioni ishirini na tano.

"Nusu," alisema Mzee Nusu.

"Sawa," alisema kijana, kabla mate hayajamkauka mzee mdomoni.

Hapo Mama Pasi akasimama na kumfungulia mlango. Mtu anayeacha milioni kumi na mbili kirahisi hivyo hakuwa na bei yoyote kichwani, alikuwa anavua tu na kungoja nani atanasa. Alimdharau kijana, alilidharau kabrasha lake, na zaidi ya wote alimdharau mume wake, ambaye jioni nzima alikaa akisikitika kwamba nusu nzuri kama ile imepotea bure.

Wa tatu alimtafuta mwenyewe, kwa watu wa hospitali. Alikuwa mhandisi aliyewahi kuitwa wadi ya wazazi ilipoanza kutitia, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na uso usiokopesha tabasamu. Alisimama barazani na hakuingia.

"Ada ya kuja kuangalia ni laki moja na nusu," alisema. "Nalipwa kabla."

Mzee Nusu alitoa macho. "Kuangalia tu?"

"Kuangalia ndiyo kazi yangu. Kuchimba wanachimba wengine."

"Sabini na tano, mhandisi, tusiwekeane..."

Mhandisi akageuka na kuanza kurudi kwenye gari lake. Mama Pasi alimkimbilia na pochi mkononi, akamlipa palepale juu ya boneti. Alijisikia vibaya kukimbia mbele ya majirani, lakini alijisikia vizuri kuona kwamba yupo mtu mmoja katika dunia hii ambaye bei yake ni bei.

Mhandisi alizunguka nyumba nzima. Aliweka gololi sakafuni kwenye korido, na gololi ikajiondokea yenyewe hadi kwenye kona ya sebule ikagota ukutani. Akaagiza vijana wake wawili wachimbe nje ya kona ile. Hawakuchimba sana. Walipofika chini ya msingi walisimama, wakatazamana, mmoja akajikohoza. Mhandisi akashuka na futi kamba, akapima, akapima tena.

"Nani alijenga hapa?" aliuliza kutoka shimoni.

Mzee Nusu alijitokeza mbele, kifua nje. Hadithi hii alikuwa anaipenda. "Fundi mmoja hivi, sasa amehama. Alitaka kuniumiza kwenye msingi, lakini nilimkamata barabara. Alitaja bei, nikamwambia nusu. Alilia! Lakini mwisho alikubali."

"Alikubali," alisema mhandisi. "Ramani yenu inasema futi nne. Hapa kuna futi mbili. Amekupa ulicholipia, mzee. Na nondo sizioni, labda nazo zilikuwa kwenye ile nusu nyingine."

Kijana mmoja alicheka, kisha akajidai anapiga chafya. Mama Pasi hakucheka. Alilitazama lile jiwe la msingi lililoishia njiani, udongo mweusi umelikumbatia, na akaikumbuka miaka yote aliyodeki sakafu juu yake. Watoto watatu walikuwa wameruka kamba humo. Mume wake alikuwa ameitundika nyumba yao hewani kwa sababu ya raha ya mchana mmoja.

Walipokaa barazani, mhandisi alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma dawa ya kikohozi. Udongo ule unavimba ukipata mvua na kusinyaa ukikauka, na msingi mfupi unakwenda nao juu na chini. Dawa ni kuchimba chini ya msingi wa zamani, kipande kimoja kwa wakati wake, na kumwaga zege jipya lenye nondo mpaka kwenye udongo mgumu.

"Mashimo kumi na mawili kuizunguka nyumba," alisema. "Kila shimo laki saba, hiyo milioni nane na laki nne. Mabomba ya kupeleka maji ya paa mbali na ukuta, laki nane, maana sasa hivi paa lenu lote linakojoa kwenye hiyo kona. Kurudisha plasta, milango na madirisha, milioni moja. Kibali na usimamizi wangu, laki tano. Jumla milioni kumi na laki saba. Na nyie mna bahati, nyumba ya chini, ndogo, na pa kupita papo. Mwenye ghorofa namtajia bei akiwa ameshakaa. Ila mngeniita ufa ukiwa kama unywele, mngeyahamisha maji hayo na kuweka mashimo mawili matatu, mkalipa robo."

"Milioni tano, tufunge kazi," alisema Mzee Nusu.

"Tufunge ipi? Niambie nitoe nini. Zege? Nondo? Au nyumba ina upande ambao hamlali?"

"Si huu upande wa mbele ndio mbovu? Fanya mbele, nyuma uache."

Mhandisi alifunga mkoba wake. Alimtazama Mama Pasi, si mzee. "Sikiliza, mama. Nikiushika upande wa mbele na kuuacha wa nyuma, mbele patasimama, nyuma pataendelea kucheza. Nyumba itakatika katikati. Ni bora msifanye kitu kabisa. Kumi na mawili au sifuri. Na nianze kabla mvua haijashika."

Akaondoka. Mzee Nusu alimsindikiza kwa macho, akasonya. "Mwanamke jeuri. Huyo atashuka tu, mwache apoe."

"Hatashuka, na mimi simtaki ashuke," alisema Mama Pasi. "Hela yangu, bei yake. Nimekubali."

"Yote?"

"Yote."

Mzee Nusu akashika kichwa kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Jambo lingeishia hapo, Mama Pasi angelipa kwa mkono wake na hadithi hii isingekuwa na maana. Lakini binti yao aliyeolewa mji mwingine alijifungua kwa upasuaji, na mama mtu ikabidi aende kumwangalia. Alikuwa anafunga begi, na simu mkononi amtumie mhandisi fedha zake, mume wake alipoingia chumbani na kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Sauti ilikuwa ya chini, ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Bibie, nitumie mimi nikamkabidhi," alisema. "Nyumba ni yangu. Mafundi watakuwa wanaingia na kutoka hapa, wanajua mke ndiye kalipa, mimi nafungua mlango tu. Nisitiri kidogo."

Mama Pasi alimtazama. Suruali imembana, nywele zimebaki pembeni tu, macho kama ya mwanafunzi aliyesahaulika nje ya darasa. Alimwonea huruma. Hilo ndilo kosa lake lote katika kisa hiki, na ni kosa la watu waliozoeana: alidhani hata mtu wa namna ile anaweza kupeleka fedha kutoka hapa mpaka pale bila kusimama njiani.

"Milioni kumi na laki saba," alisema. "Usipunguze hata shilingi."

"Mke wangu! Mimi?"

Akamtumia.

Kwa binti yake alikaa mpaka kidonda kikafunga na mtoto akajua kunyonya. Kila alipopiga simu mume wake alikuwa mwingi wa furaha. Mafundi wako shimoni, alisema. Zege linamwagwa, alisema. Kazi inapendeza macho. Na haya yote, kwa sifa yake, hayakuwa uongo. Mama Pasi akakata simu akiwa na moyo mweupe, akamwambia binti yake kwamba baba yake, pamoja na yote, si mtu mbaya.

Siku aliyorudi alidhani amekosea nyumba. Mbele yake lilisimama geti. Lilikuwa jeusi, refu kuliko paa la baraza, lina mikuki ya dhahabu juu, na katikati vichwa viwili vya simba waliofanana na mbwa waliofiwa. Kulia na kushoto kwake ulikuwa ule ule ua wao wa michongoma ambao mbuzi aliupita bila kuinama. Geti likalia, likafunguka, na Mzee Nusu akatokea kati ya simba wake akiwa amevaa koti.

"Karibu nyumbani, bibie. Unaionaje?"

"Hii nini?"

"Bure hiyo!" Alikuwa akitetemeka kwa raha. "Kila kitu nimekimaliza nusu bei. Kwa ile nusu niliyookoa, nikapata geti. Na geti lenyewe mwenyewe alitaka milioni kumi na ushee! Nikamwambia nusu. Alilia!"

Mama Pasi aliweka begi chini. Alianza kuizunguka nyumba, taratibu, akihesabu viraka vya saruji mpya chini ya ukuta. Upande wa mbele vilikuwa vinne. Pembeni kulia kimoja, pembeni kushoto kimoja. Alipofika nyuma alikuta magugu yake, kamba yake ya kuanikia nguo na udongo mkavu ambao hakuna jembe lililougusa.

"Sita," alisema.

"Sita," alisema Mzee Nusu, ambaye alikuwa amemfuata nyuma. "Yule jeuri nilimwacha na bei zake. Nikamwita Fundi Asali, nikampa yale maelezo yote ya yule mwanamke, ushauri wa bure ule! Mashimo yale yale, nondo zile zile, nilisimamia mwenyewe. Nyuma hakuna hata ufa mmoja, utafungaje bandeji mguu usiouma?"

"Alisema nini mhandisi? Ulikuwepo. Alisema nini?"

"Wale wanasema hivyo ili walipwe, mke wangu. Wewe huwajui watu wa biashara."

Mama Pasi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alimchukia wakati ule, wazi wazi, bila kujificha, na alijichukia yeye kwa ile dakika moja ya huruma kitandani. Maisha yake yote ya mvuke, mgongo uliopinda juu ya mashuka ya wagonjwa, vimegeuka vichwa viwili vya simba. Na mwenye simba bado alikuwa amesimama akingoja pongezi.

Alimpigia mhandisi. Mhandisi alisema mashimo sita ya nyuma yakichimbwa wiki ile ile huenda yataokoa jambo, milioni tano na kidogo pamoja na maji. Mama Pasi hakuwa nazo. Alikwenda kwa mchomeleaji aliyetengeneza geti, akamsihi alirudishe. Mchomeleaji alikuna kidevu.

"Mama, geti la ukubwa ule lilitengenezwa kwa ajili ya hoteli, wakalikataa. Mzee alipokuja nilitaka kumkumbatia. Sasa nimpelekee nani simba?"

Alikwenda kwenye chama cha kuweka na kukopa, wakamwambia mstaafu hana mshahara wa kukatwa. Alikuwa bado kwenye foleni ya chama cha pili mvua ilipoanza, na haikuanza kwa manyunyu.

Ilinyesha siku baada ya siku. Maji ya paa, ambayo Mzee Nusu aliona ni anasa kuyawekea bomba, yalimwagika kama zamani. Mbele palisimama imara. Kwa hilo Fundi Asali apewe haki yake. Nyuma ndipo palipoanza kuondoka. Kwanza vigae vya korido vilipasuka kwa mstari mmoja, kama vimekatwa kwa rula. Kisha mstari ukapanda ukutani, pande zote mbili, ukakutana darini. Asubuhi moja Mama Pasi aliamka akapita koridoni kwenda jikoni, na ubavuni mwake, kupitia ukutani, akamwona jirani yake anaanua nguo.

Mhandisi alikuja na buti zake. Hakutaja ada ya kuangalia, na kwa hilo Mama Pasi alijua mambo yameharibika. Alisimama kwenye korido, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, akatia mkono mzima kwenye ufa.

"Huku mbele mnaweza kukaa," alisema. "Kule nyuma ni kubomoa. Mzibe hapa kwa ukuta. Kujenga upya upande wa nyuma, na msingi wa kweli, usinitafute na chini ya milioni thelathini."

Mvua iligonga mabati. Mzee Nusu ndiye aliyepata la kusema. Alimshika mke wake begani.

"Basi usilie, bibie. Angalau nusu imebaki."

Mhandisi aliinamisha uso, akatoka nje kwenye mvua bila kuaga. Nadhani aliona ni afadhali kulowa.

Siku hiyo hiyo Mama Pasi alihamishia kitanda chake sebuleni, akahamisha jiko la gesi, sufuria zake na zile picha sita za keki, si kwa kuzipenda bali hakutaka mtu mwingine awe na cha kutazama. Mzee Nusu alikataa kuhama. Alisema chumba cha nyuma ndicho chumba cha baba mwenye nyumba, na kwamba wahandisi wote ni waoga. Alilala huko na mwavuli umefunguliwa juu ya mto, na asubuhi alipita nje kuzunguka nyumba, akibisha mlango wa mbele kuomba chai kama mgeni. Mama Pasi alimpa chai. Maneno hakumpa.

Siku ya nne, saa za mchana, mvua ikiwa imekolea, ulisikika mshindo nyuma, ubao wa dari na tope na maji pamoja. Mama Pasi alisimama. Moyo ulimpiga, na alikasirika kwamba unampiga. Akangoja. Baada ya muda akasikia nyayo zinazunguka nyumba, zikivuta kitu kizito, na mlango ukagongwa.

Alifungua. Mzee Nusu alikuwa amesimama barazani katika lile koti lake, godoro kichwani, linachuruzika maji, tope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mzima. Nyuma yake geti lilikuwa wazi na simba wawili wananyeshewa.

"Dari limekuja chini," alisema. "Nipishe nipite."

Mama Pasi hakupisha. Aliweka mkono kwenye fremu.

"Huku kuna bei," alisema.

"Bei?"

"Milioni kumi na laki saba. Hizo tu. Zilipo unapajua, zimesimama pale na mikuki kichwani."

Mzee alitazama geti, akamtazama mke wake, maji yakimwingia machoni, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu hakutaja nusu. Alionekana mzee kabisa, mdogo kuliko godoro lake. Mama Pasi aliuona uso ule na kitu kikamlegea kifuani, apende asipende. Alijua kwamba hatazidai fedha zile, zimekwenda na hazirudi. Alitaka neno moja. Samahani. Akilisema hilo tu, hata kwa kunong'ona, hata kwa kuangalia pembeni, angempisha, angemvua lile koti, angempa taulo. Alijidharau kwa kujua hivyo, lakini alijua, na mkono wake kwenye fremu ulikuwa tayari umeanza kushuka.

Mzee Nusu akashusha godoro, akalisimamisha ubavuni. Akapangusa uso kwa kiganja. Akafumba jicho moja.

"Haya, bibie," alisema. "Bei ya mwisho?"